Runinga ya Antena Kuunganishwa na Intaneti: Gharama kwa Mtazamaji

Mnara wa televisheni unaweza kuhudumia nyumba moja au nyumba laki moja kwa mawimbi yale yale, bila gharama ya urushaji kuongezeka. Katika intaneti, kila simu au runinga hupelekewa mkondo wake wa picha. Kwa sababu hiyo maudhui hunakiliwa katika seva zilizowekwa karibu na watumiaji, ili mtazamaji wa Mwanza asisubiri picha itoke Ulaya. Hata hivyo, mechi ya moja kwa moja mara nyingi huchelewa kwa sekunde kadhaa, na jirani mwenye antena hushangilia bao kwanza.

Mfumo wa HbbTV, uliochapishwa barani Ulaya mwaka 2010, huunganisha njia hizo mbili. Mawimbi hubeba kipindi pamoja na anwani ya mtandaoni, na runinga yenye intaneti huitumia kuleta vipindi vilivyopita. Runinga isiyo na intaneti huendelea kuonesha matangazo kama kawaida.

Marekani mwaka 2017 iliruhusu mfumo mwingine, ATSC 3.0, ambao vipokezi vya zamani haviwezi kuusoma. Tofauti hiyo si ndogo kwa Watanzania wanaokumbuka Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam na kila kaya yenye runinga ya zamani ikahitaji king'amuzi.

Izingatiwe pia kwamba kipindi kinachofunguliwa kupitia intaneti hutumia bando la mtazamaji, ilhali kinachopokelewa kwa antena hakilitumii.