Septrin, Daonil na jasho la usiku

Swali linalorudi sana kwa wasomaji ni hili: dawa ya sukari sijabadilisha, kula nakula, mbona usiku natokwa jasho na kutetemeka? Kabla ya kulaumu chakula cha jioni, tazama umeandikiwa nini kingine. Kama unameza glibenklamaidi, ambayo wengi mnaiita Daonil, na juzi umepewa Septrin, antibayotiki, kwa maambukizi ya mkojo, una pa kuanzia.

Undugu wa dawa hizi mbili ni wa zamani. Mwaka 1942, mjini Montpellier, Ufaransa, Marcel Janbon aliwatibu wagonjwa wa homa ya matumbo kwa dawa jamii ya salfa. Sukari zao zikaporomoka, wengine wakafa. Auguste Loubatières akafuatilia, akaonyesha kuwa salfa ile hulisukuma kongosho limwage insulini. Kwenye ukoo huo ndiko ilikotoka glibenklamaidi. Hufunga vijilango vya potasiamu kwenye seli za kongosho, kalsiamu ikaingia, insulini ikamwagika, uwe umekula au hukula. Septrin nayo ina salfa, na juu ya hapo hukizuia kimeng'enya cha ini kinachoivunja glibenklamaidi. Kidonge cha asubuhi kinakesha nawe. Kwa hatari hiyo ya sukari kushuka, Shirika la Afya Duniani linasema glibenklamaidi haiwafai waliopita miaka 60.

Muuguzi wa kliniki ya kisukari ana daftari la vipimo, anaiona sukari ya 3.4 mmol/L ya alfajiri. Mfamasia ana cheti cha dawa, anaiona Septrin. Kila mmoja ameshika nusu ya habari, na katikati yao kuna korido. Simu moja kabla dawa haijafungwa ingetosha kupunguza dozi au kubadilisha antibayotiki. Hili halihitaji semina.

  

Wauza unga wa "kuponya sukari siku saba" sina subira nao, maana hujui wamechanganya nini ndani. Singapore, 2008, dawa haramu za nguvu za kiume zilikutwa na glibenklamaidi ndani. Watu wasio na kisukari walipoteza fahamu, baadhi wakafa.

Sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, kunywa soda yenye sukari, kisha ule. Dawa usiache kwa hiari yako. Kliniki ijayo beba vidonge vyote, na vya mganga pia, muuguzi avione, na mfamasia avione.