Haja Ndogo Ndani ya Suti Kavu: Nepi au Vali?

Aliyejifunza kuzamia Mnemba au Watamu, kwenye bahari ya nyuzijoto 26 hadi 28, huenda hajawahi kuumiza kichwa kwa jambo hili. Suti ya mpira inayovaliwa huko hupitisha maji. Ukibanwa unajisaidia humo humo, na jioni suti inasuuzwa kwa maji ya bomba. Mtu huyo huyo akihamia Uingereza, akaalikwa Scapa Flow katika visiwa vya Orkney kuziona meli za kivita za Ujerumani zilizozamishwa na mabaharia wake wenyewe tarehe 21 Juni 1919, atakutana na hesabu nyingine. Maji ya huko ni baridi hata wakati wa kiangazi, kwa hiyo wengi huvaa suti kavu: vazi linalobana shingoni na kwenye vifundo vya mikono, lenye hewa na nguo nene za joto ndani yake. Kinachotoka mwilini kinabaki humo, na nguo za joto zikishalowa hazikukingi na baridi.

Mwili nao haungoji. Ukiingia majini, shinikizo la maji pamoja na baridi husukuma damu kutoka mikononi na miguuni kwenda kifuani. Moyo ukijaa, mwili huhisi kwamba una maji kupita kiasi, na figo zinaanza kuyatoa. Ndiyo maana aliyekwenda chooni muda mfupi kabla ya kuruka hubanwa kabla hata mbizi haijafika saa moja. Meli kubwa za Scapa Flow zimelala kwenye kina cha mita 40 hivi. Ukikaa huko kwa muda, huwezi kupanda moja kwa moja. Ni lazima usimame njiani ili naitrojeni itoke mwilini taratibu, hata kama umebanwa.

Njia inayoonekana kuwa ya bure ni kuacha kunywa maji tangu asubuhi. Wapo wanaoifuata, wake kwa waume, na naomba waiache. Madaktari wa uzamiaji huhesabu upungufu wa maji mwilini kati ya mambo yanayoweza kuongeza hatari ya ugonjwa wa mgandamizo, unaompata mzamiaji naitrojeni isipotoka mwilini taratibu, ambao tiba yake ni kulazwa kwa saa kadhaa ndani ya chumba cha shinikizo. Katika ulinganisho huu wa bei, njia hiyo ndiyo ghali kuliko zote.

Baada ya hapo zinabaki njia mbili. Nepi ya watu wazima hupatikana katika maduka mengi ya dawa kwa kama pauni moja, pengine pungufu ukinunua pakiti kubwa. Haihitaji kutoboa suti wala gundi. Udhaifu wake ni mahali inapovaliwa. Mzamiaji hulala kifudifudi majini, kwa hiyo mkojo hukimbilia tumboni, na suti inayokaza huikamua nepi kabla haijamaliza kunyonya. Ukijiachia kidogo kidogo itahimili. Ukiachia vyote kwa mkupuo itavuja. Inafaa mbizi moja ya dakika 40 au 50, kisha ibadilishwe. Chagua ile ya kuvutwa kama chupi, yenye unyonyaji mkubwa, na usinunue ya bei ya chini kabisa.

Njia ya pili ni vali ya mkojo, kifaa kidogo kinachofungwa kwenye paja la suti. Mwanamume huvaa kondomu maalumu yenye gundi, ile wanayotumia wagonjwa hospitalini, inayounganishwa na mpira mwembamba unaokwenda kwenye vali, na mkojo unamwagikia baharini. Vali za kawaida huuzwa takriban pauni 60 hadi 90, na zile zinazosawazisha shinikizo takriban pauni 100 hadi 160. Fundi wa kuifunga hutoza kama pauni 50.

Hapa usibane matumizi. Katika vali ya kawaida, hewa iliyobaki ndani ya mpira hubanwa kadiri unavyoshuka. Kwenye mita 30 hewa hiyo imebaki robo ya ujazo wake, na inachokivuta kwa nguvu ni ngozi laini ya mwilini mwako. Dawa yake ni kukojoa kidogo mwanzoni ili mpira ujae, lakini mtu mwenye wasiwasi wa mbizi ngumu husahau. Vali inayosawazisha huruhusu hewa ya suti kuingia kwenye mpira, na tatizo hilo halitokei. Nyongeza ya pauni 50 kwa ajili ya hilo naiona halali kabisa.

Sasa hesabu ambayo wauzaji hawapendi kuifanya. Kondomu moja ni kama pauni mbili, nayo hutupwa baada ya siku moja. Nepi ni pauni moja kwa mbizi. Ukizamia mara mbili kwa siku, kama ilivyo kawaida kwenye boti za Orkney, gharama ya siku inalingana. Ukizamia mara moja, nepi ni nafuu. Kwa hiyo ule mtaji wa pauni 150 au 200 haurudi kamwe. Unachonunua ni nguo za ndani zinazobaki kavu na uhuru wa kunywa maji ya kutosha. Kwa anayezamia kila mwezi, zaidi ya saa moja kila mara, mimi ningelipa. Kwa wa mara tatu kwa mwaka nisingelipa.

Kwa anayeswali kuna jambo jingine la kupima. Nepi iliyolowa kati ya mbizi mbili ina maana ya kuvua suti yote, kustanji na kubadilisha nguo ndani ya chumba chembamba cha boti kabla ya adhuhuri. Vali hupunguza kazi hiyo ingawa haiiondoi.

Vali ikishindwa, mara nyingi kosa liko kwenye kipimo cha kondomu. Huuzwa kwa kipenyo, kuanzia milimita 25 hadi 41, na wanaume wengi huchagua kubwa kuliko inayowafaa. Inavuja au inachomoka. Jipime kwa karatasi ya watengenezaji, na uombe sampuli, kwani baadhi yao hutoa bila malipo. Nyoa, osha kwa sabuni isiyo na mafuta, jikaushe kabisa, kisha ipe gundi dakika chache ishike. Mpira usijikunje popote. Jioni pitisha maji safi na dawa ya kuua vijidudu kwenye mpira na vali, uache vikauke. Visa vya maambukizi ya njia ya mkojo vimeripotiwa kwa wazamiaji, na gharama ya antibayotiki haimo kwenye hesabu yangu.

Wanawake soko limewasahau kwa muda mrefu. Kipo kifaa cha silikoni kiitwacho She-P, kinachogandishwa mwilini kwa gundi ya kitabibu na kuunganishwa na vali ile ile. Bei yake inapita pauni 100 kabla ya vali, na kukiweka vizuri kunahitaji mazoezi ya nyumbani, bafuni, kabla ya kukiamini baharini. Wanaokizoea hukisifu. Lakini mwanamke ambaye mbizi zake hazifiki saa nzima ningemshauri aanze na nepi nzuri, na pesa aziweke kwenye nguo bora za joto.

Anayekodi suti hana uchaguzi, maana hawezi kutoboa mali ya watu, avae nepi. Na ukinunua suti iliyotumika yenye vali tayari, badilisha mpira wa ndani na vali ikaguliwe na fundi kabla ya kuitia suti majini.