Jeki inayovuja: usiiongezee oili ukaondoka

NCHELENGE, Zambia

Lori lililopakia samaki Kashikishi lina zaidi ya kilomita 200 za kwenda kabla ya kufika Mansa. Likipata pancha njiani, barafu inaendelea kuyeyuka na wanunuzi hawasubiri. Wakati huo mwenye mzigo hutegemea chombo kimoja kilichosahaulika nyuma ya kiti, nacho ni jeki.

Wengi huitoa wakaikuta imelowa oili. Huongeza oili yoyote iliyo karibu, huinua gari na kuendelea na safari. Hapo ndipo hatari inapoanzia, kwa kuwa jeki inayovuja ikiwa tupu itavuja zaidi ikiwa na tani kadhaa juu yake.

Inavyofanya kazi

Ukisukuma mpini, pampu ndogo hupeleka oili chini ya pistoni kubwa. Oili haikubali kubanwa, kwa hiyo pistoni hupanda. Hewa hubanwa kwa urahisi, na ndiyo maana jeki yenye hewa ndani hunesa na haifiki juu.

Tazama inapovujia

Ifute jeki kwa kitambaa hadi ikauke, kisha ipige pampu uone unyevu unatokea wapi.

Oili ikitokea juu, kuizunguka pistoni, sili kuu imelika. Sababu ya kawaida ni kutu au mchanga, na mchanga haukosekani kandokando ya Ziwa Mweru. Ikitokea penye pampu, sili ndogo ya pampu imechoka. Ikitokea kwenye kizibo cha kujazia, huenda mpira wake umekakamaa au oili imezidi.

Kama jeki ni kavu nje lakini gari linashuka polepole, oili inapita ndani kwa ndani. Kaza kwanza skrubu ya kuteremshia. Isipokoma, kuna uchafu kwenye valvu. Mwaga oili yote, safisha, ujaze mpya.

Oili ipi?

Tumia oili ya haidroliki, mara nyingi yenye namba 22 au 32 kwenye kopo. Usitie kamwe mafuta ya breki. Huvimbisha na kulainisha sili za jeki za kawaida, na tundu dogo likawa kubwa. Oili ya injini nayo si mbadala mzuri, kwani ni nzito na hutoa povu.

Jaza jeki ikiwa wima na pistoni imeshuka yote, hadi ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Kisha fungua skrubu ya kuteremshia na upige pampu haraka mara 10 hadi 15 ili kutoa hewa. Funga skrubu, kagua kiwango, rudisha kizibo.

Sili iliyolika haiponi kwa oili mpya. Mpelekee fundi, na ukitafuta seti ya sili Mansa, Lubumbashi au Tunduma, nenda na ile ya zamani ili vipimo vilingane. Pistoni iliyochimbika kwa kutu itakata hata sili mpya. Jeki ya namna hiyo nunua nyingine.

Usiingie chini

Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Kwenye mchanga, weka ubao mnene chini yake. Zuia matairi yaliyobaki, na kabla mtu hajaingia chini ya gari, liegemeze kwenye stendi za chuma au magogo imara. Sili ikipasuka, gari hushuka kabla mtu hajawahi kujivuta.

Wakati wa kutengeneza

Kila mwaka Zambia hufunga uvuvi Mweru kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari. Biashara ya samaki wabichi hupungua, iwe mzigo unakwenda Mansa au unavuka maji kuelekea Kilwa ya Kongo na Pweto. Huo ndio wakati wa kushughulikia jeki.

Ukimaliza, inua gurudumu moja la gari tupu, weka alama kwenye pistoni, usubiri dakika 10 bila mtu kukaribia chini. Alama ikishuka, kazi haijakwisha. Ikibaki palepale, teremsha pistoni yote, ipake oili kidogo kuzuia kutu, na uihifadhi jeki ikiwa wima, mahali pakavu.