Metali zinazosita mlangoni mwa usumaku

Sumaku ikisogezwa karibu na msumari wa chuma, msumari huirukia. Ikisogezwa karibu na kipande cha paladi, metali ya thamani inayosafisha moshi wa magari, msikilizaji hataona lolote. Hata hivyo, paladi imewashughulisha wanafizikia kwa miaka mingi, kwani inakaribia kuwa sumaku na haiwi.

Kila elektroni ina sifa iitwayo spini, inayoifanya iwe kama sumaku ndogo mno. Katika metali za kawaida, nusu ya spini huelekea juu na nusu chini, zikabatilishana. Elektroni zenye spini za upande mmoja huepukana, na hivyo kupunguza msukumano baina yao. Lakini kuzigeuza kunagharimu nishati. Faida ikizidi gharama, metali huwa sumaku. Hesabu hiyo iliwekwa wazi katika miaka ya 1930 na Edmund Stoner wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza.

Paladi imekomea karibu kabisa na mpaka huo. Ikiwekwa katika uga wa sumaku, huitikia takriban mara 10 zaidi ya vile ambavyo ingeitikia lau elektroni zake zisingeshawishiana. Hata pasipo uga wowote, huzuka ndani yake visiwa vidogo ambamo spini hukubaliana kwa kitambo kifupi mno, kisha hutawanyika. Ikichanganywa na chuma kidogo tu, chini ya asilimia 1, nayo ikapozwa vya kutosha, huwa sumaku kweli.

Kuzuka na kutoweka huko ndiko kulikokosekana katika hesabu ya Stoner, iliyodai kwamba chuma kingebaki sumaku hadi maelfu ya nyuzi za joto, ilhali hupoteza usumaku wake kwenye nyuzi 770 za sentigredi. Katika miaka ya 1970, Toru Moriya na wenzake nchini Japani waliingiza misukosuko hiyo katika nadharia, na matokeo yakaukaribia ukweli.

Lililo zito zaidi ni suala la umeme kupita bila ukinzani. Mwaka 1966, Berk na Schrieffer walionyesha kwamba misukosuko ya spini huvunja jozi za elektroni zinazouwezesha umeme kupita hivyo. Lakini mwaka 2000, watafiti wa Cambridge na Grenoble waliukandamiza mchanganyiko wa urani na jerimani kwa zaidi ya mara 10,000 ya kanieneo ya hewa, katika baridi kali mno, na ukinzani ukatoweka ilhali usumaku ungalipo. Huenda basi misukosuko ileile ndiyo iliyoziunganisha elektroni, kwa jozi za aina nyingine.

Mwaka uliofuata, ilitangazwa kwamba mchanganyiko wa zirkoni na zinki nao una sifa hiyo. Furaha haikudumu. Mwaka 2005 ilibainika kwamba cheche za umeme zilizotumiwa kukata vipande vya majaribio zilikuwa zimebadilisha tabaka lake la juu. Tabaka hilo lilipoondolewa, ukinzani ukarejea.