Muungano wa majedwali katika Joomla

Muungano wa majedwali ni njia ya kusoma kwa pamoja data iliyohifadhiwa katika majedwali mawili au zaidi ya hifadhidata, kwa kufuata thamani inayopatikana katika majedwali hayo yote. Katika mifumo ya kusimamia maudhui ya tovuti, kama vile Joomla, Drupal na WordPress, kazi hiyo hufanywa mara nyingi kupitia kijenzi cha maulizo, yaani sehemu ya programu inayotunga amri za lugha ya SQL kwa niaba ya mtengenezaji wa tovuti.

Kijenzi hurahisisha uandishi wa amri, lakini hakichagui aina ya muungano inayofaa. Muungano usiofaa kwa kawaida hautoi ujumbe wa kosa: orodha huonekana sawa, ila baadhi ya mistari imepotea au imejirudia.

Historia

Msingi wa majedwali yanayohusiana uliwekwa na Edgar F. Codd, mtaalamu wa kompyuta kutoka Uingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, Marekani. Mwaka 1970 alichapisha makala iliyopendekeza data ipangwe katika majedwali na kuunganishwa kwa thamani zake, bila mtumiaji kuhitaji kujua ilipohifadhiwa ndani ya mashine. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, pia wa IBM, walieleza lugha ya SEQUEL, ambayo baadaye iliitwa SQL.

Joomla ilianza mwaka 2005 baada ya watengenezaji wake kujitenga na mfumo wa Mambo. Jina lake limetokana na neno la Kiswahili "jumla", likiandikwa kwa tahajia ya Kiingereza. Ni programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya PHP, na data zake kwa kawaida hukaa katika hifadhidata ya MySQL, MariaDB au PostgreSQL.

Kwa nini data hugawanywa

Jedwali lina safu, ambazo ni aina za taarifa, na mistari, ambayo ni rekodi zenyewe. Kama jina la mwandishi, kata, wilaya na mkoa yangeandikwa upya kwenye kila makala, kosa moja la tahajia lingetosha kuigawa kata moja kuwa mbili. Kwa hiyo kila kitu huandikwa mara moja katika jedwali lake na kupewa namba ya pekee inayoitwa ufunguo msingi. Jedwali lingine linapotaka kukitaja kitu hicho huhifadhi namba yake tu. Namba hiyo ikiwa katika jedwali la pili huitwa ufunguo wa kigeni.

Katika Joomla, jedwali la makala ni #__content, la kategoria ni #__categories na la watumiaji ni #__users. Alama #__ hubadilishwa na mfumo kuwa kiambishi kilichochaguliwa wakati tovuti ilipowekwa. Safu ya catid katika makala huelekeza kwenye kategoria, na safu ya created_by huelekeza kwa mtumiaji aliyeiandika.

Mfano wa kata za Ruvuma

Tuseme kuna tovuti ya kubuni inayokusanya habari za Mkoa wa Ruvuma, kusini mwa Tanzania. Kategoria zake zimepangwa hivi:

1 – Ruvuma, haina mzazi
2 – Tunduru, mzazi 1
3 – Nalasi Mashariki, mzazi 2
4 – Nalasi Magharibi, mzazi 2
5 – Majengo, mzazi 2
6 – Songea Mjini, mzazi 1
7 – Majengo, mzazi 6

Makala zake ni nne:

101 – Mavuno ya korosho, kategoria 3, mwandishi 12
102 – Ujenzi wa kisima, kategoria 5, mwandishi 12
103 – Bei ya mahindi, kategoria 7, mwandishi 15
104 – Historia ya kijiji, kategoria 3, mwandishi 19

Jedwali la watumiaji lina namba 12 na 15 peke yake. Akaunti namba 19 ilifutwa, lakini makala aliyoiandika mwenye akaunti hiyo imebaki.

Namba badala ya jina

Tovuti na makala ni za kubuni, lakini majina ya mahali ni ya kweli. Kata iitwayo Majengo ipo Tunduru na ipo pia Songea Mjini, na jina hilo linapatikana katika miji mingine kadhaa ya Tanzania, kama Moshi na Dodoma. Makala zikiunganishwa na kategoria kwa jina, makala 102 italingana na Majengo zote mbili, na makala 103 vivyo hivyo. Makala nne zitatoa mistari sita, na kisima cha Tunduru kitaonekana pia kuwa kimejengwa Songea. Zikiunganishwa kwa namba, kila makala hupata kata yake moja.

Nalasi inaonyesha tatizo la pili. Ilikuwa kata moja ya Wilaya ya Tunduru, na sasa kuna Nalasi Mashariki na Nalasi Magharibi. Rekodi ya zamani iliyoandikwa "Nalasi" pekee hailingani kwa jina na kata yoyote kati ya hizo mbili. Namba haiamui rekodi hiyo iende upande gani. Uamuzi huo ni wa mtu anayezijua habari zenyewe. Ila kategoria ya zamani ikibaki na namba yake, rekodi haipotei wakati wa kusubiri uamuzi, na kubadilisha jina la kategoria hakuvunji uhusiano.

Aina za muungano

Muungano wa ndani hurudisha mistari yenye mwenza katika majedwali yote mawili. Katika SQL huandikwa hivi:

SELECT a.title, u.name
FROM #__content AS a
INNER JOIN #__users AS u ON u.id = a.created_by

Kwa mfano wetu, ulizo hili hutoa makala tatu. Historia ya kijiji haimo, kwa kuwa mwandishi wake hayupo tena katika jedwali la watumiaji. Msomaji wa tovuti hawezi kujua kwamba makala hiyo iliwahi kuandikwa.

Muungano wa kushoto huanza na jedwali lililotajwa kwanza na kubakiza mistari yake yote. Pale ambapo mwenza hakupatikana, safu za jedwali la pili huwa tupu, yaani NULL. Maneno INNER JOIN yakibadilishwa kuwa LEFT JOIN, makala zote nne hurudi, na ya nne huwa haina jina la mwandishi. Katika kijenzi cha Joomla tofauti hiyo ni ya neno moja tu: innerJoin au leftJoin.

Kuhesabu kata zisizo na makala

Swali la kwamba kila kategoria ina makala ngapi linapaswa kuanzia upande wa kategoria. Muungano wa ndani utaziacha nje kategoria zote zisizo na makala, ikiwemo Nalasi Magharibi. Anayepanga kupeleka mwandishi mahali pasipoandikwa habari atakuwa anaangalia orodha ambayo mahali hapo hapamo.

Muungano wa kushoto kutoka kategoria kwenda makala hutoa mistari minane: miwili ya Nalasi Mashariki na mmoja kwa kila kategoria kati ya sita zilizobaki. Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kuhesabu mistari badala ya namba za makala. Nalasi Magharibi ina mstari mmoja, ingawa mstari huo hauna makala, hivyo kuhesabu mistari kutatoa 1 badala ya 0. Inafaa kuhesabu safu ya id ya makala, kwa kuwa thamani tupu hazihesabiwi.

Mtego wa pili ni mahali pa kuweka sharti. Katika Joomla safu ya state huwa 1 kwa makala iliyochapishwa, 0 kwa isiyochapishwa, 2 kwa iliyo katika nyaraka za zamani na -2 kwa iliyotupwa. Sharti la kutaka state iwe 1 likiwekwa kwenye WHERE, huondoa mistari ambayo safu hiyo ni tupu, na muungano wa kushoto hugeuka kuwa kama wa ndani. Likiwekwa ndani ya ON, kategoria zote hubaki.

Jedwali kujiunga na lenyewe

Kategoria za Joomla huhifadhi namba ya mzazi katika safu ya parent_id, na mzazi huyo yumo katika jedwali lilelile. Ili kuonyesha kata pamoja na wilaya yake, jedwali huunganishwa na lenyewe chini ya majina mawili ya muda, kwa mfano k kwa kata na w kwa wilaya, kwa sharti w.id = k.parent_id. Kwa njia hiyo Majengo ya Tunduru na Majengo ya Songea Mjini hutofautishwa mbele ya msomaji. Jedwali hilo hubeba pia kategoria za sehemu nyingine za tovuti, kwa hiyo safu ya extension inapaswa kuchujwa iwe com_content kwa kategoria za makala.

Uhusiano wa wengi kwa wengi

Makala moja inaweza kuwa na lebo nyingi, na lebo moja kutumika katika makala nyingi. Uhusiano huo hupitia jedwali la katikati, #__contentitem_tag_map. Makala yenye lebo tatu hutoa mistari mitatu. Jumla ikipigwa juu ya mistari hiyo, makala huhesabiwa mara tatu. Tiba yake ni kuhesabu namba za makala zisizojirudia kwa neno DISTINCT, au kupanga matokeo kwa makundi kwa GROUP BY.

Usalama

Ulizo linalosoma majedwali moja kwa moja halizingatii ruhusa lenyewe. Mtengenezaji asipoweka masharti ya safu za state na access, makala ambazo hazijachapishwa au zilizokusudiwa kwa wanachama tu zinaweza kuonekana kwa kila mtu. Vilevile maneno yanayoandikwa na mgeni kwenye kisanduku cha kutafutia hayapaswi kuunganishwa moja kwa moja na amri, kwa sababu yanaweza kubeba amri nyingine ndani yake. Joomla ina mbinu za quote na quoteName kwa kazi hiyo, na tangu toleo la 4 la mwaka 2021 kuna pia mbinu ya bind inayotenganisha amri na thamani zake.

Mifumo mingine

Katika Drupal, moduli ya Views huruhusu kuunganisha majedwali kwa kubofya bila kuandika programu. Imekuwa sehemu ya msingi wa mfumo tangu Drupal 8 ya mwaka 2015. Mtumiaji akiufanya uhusiano kuwa wa lazima, muungano huwa wa ndani. Asipofanya hivyo huwa wa kushoto. WordPress huhifadhi taarifa za ziada za makala katika jedwali la wp_postmeta, na WP_Query huliunganisha na wp_posts kwa namba ya makala.

Katika mifumo yote mitatu, kuna kipimo rahisi kabla ya kuamini orodha: kuhesabu mistari ya jedwali la kwanza peke yake, kisha kuhesabu matokeo baada ya muungano. Namba ikipungua, kuna mistari iliyokosa mwenza; ikiongezeka, kuna iliyopata wenza zaidi ya mmoja. Namba ikibaki ileile, bado inafaa kukagua mistari michache kwa macho, kwa kuwa upungufu na ongezeko vinaweza kufidiana.