Thanos Hakuzaliwa na Nguvu, Alijengwa: Wacha Nikuchanue Vile Marvel Huunda Maadui

Kama umewahi kaa kwa base na wasee zaidi ya watatu, unajua huu mjadala haukosi: nani anaweza chapa nani? Mmoja anasema Thor, mwingine Hulk, halafu kuna yule wa nyuma huleta Superman na hata si wa Marvel. Chai inapoa, sauti zinapanda, hakuna mshindi. Na hawezi patikana, ju Stan Lee mwenyewe, aliyekuwa akiulizwa hilo swali kila mahali, jibu lake lilikuwa kwamba anayeshinda ni yule mwandishi anataka ashinde.

So wacha tubadilishe swali. Ukitaka kujua kama adui ni moto ama ni wa kupita tu, usihesabu nguvu zake. Uliza anataka nini, na hizo nguvu zitamtoka aje. Hapo ndipo mchezo wote uko.

Tuanze na Thanos, ju huyu kila mtu anamjua.

Jim Starlin alikuwa ametoka jeshi la wanamaji la Marekani, akaingia college, na kwa darasa moja la saikolojia akasikia kuhusu Thanatos, lile jina la Kigiriki la kifo. Wazo likaingia. (Mimi niliacha college mwaka wa pili, so pengine Thanos wangu nilimwacha kwa lile darasa sikuingia.) Michoro yake ya kwanza ilikuwa ya jamaa mwembamba hivi, amefanana na Metron, mmoja wa miungu ambayo Jack Kirby alikuwa anachora kule DC. Roy Thomas, mhariri wa Marvel, akaangalia akamwambia amnenepeshe: kama unaiba mungu wa Kirby, basi iba yule mzito, Darkseid. Ndio hivyo. Adui mkubwa wa kizazi chetu alianza kama kopi iliyoambiwa iende ikule ugali. Akatokea kwa komiki ya Iron Man namba 55, mwaka wa 1973, na Drax akatokea hapo hapo.

Sasa angalia: hakuwa na jiwe hata moja. Mawe yenyewe hayakuwa yake. La kwanza, la Roho, lilikuwa kwa paji la uso la Adam Warlock tangu 1972, kwa stori ya Roy Thomas iliyochorwa na Gil Kane, na wakati huo halikuwa na ndugu watano. Ni Steve Englehart alikuja mwaka wa 1976 akayafanya sita.

Hivyo ndivyo ulimwengu wa pamoja hufanya kazi. Chukulia ni ploti ya Nairobi: geti moja, wapangaji wengi. Mmoja anahama anaacha mtungi kwa ngazi, mwingine anaupata anauwasha, wa tatu anachoma ploti yote. Hakuna mtu alipanga huo moto.

Baadaye, 1990, Starlin akaandika The Thanos Quest, na hapa ndipo nakuomba utulie kidogo. Thanos anazunguka angani akikusanya mawe, na karibu yote anayapata kwa kichwa, si kwa ngumi. Kuna jamaa anaitwa Champion, ana Jiwe la Nguvu na hajui. Yeye kazi yake ni kurusha ngumi tu. Thanos anamchokoza, anamchokoza, mpaka msee anapiga ngumi moja inapasua sayari aliyosimama juu yake. Amebaki anaelea angani bila stage wala mat. Thanos anamwambia nitakubeba, lakini fare ni hilo jiwe. Mazee! Hakuna muvi imewahi nipea hiyo raha.

Mwaka uliofuata ikaja The Infinity Gauntlet. Thanos anapiga vidole, nusu ya viumbe wanapotea, na sababu ni moja: alikuwa anakatia Kifo. Kwa komiki Kifo ni dame, na amemlenga vibaya. Jamaa ameua nusu ya ulimwengu na bado hajibiwi. Unacheka, halafu unashtuka, ju unamjua msee wa hivyo, ni vile tu hana glavu.

Na anapoteza aje? Hapigwi mpaka achoke. Akishakuwa kama mungu anaacha mwili wake bila ulinzi, Nebula anachukua glavu. Warlock anamwambia ukweli unaouma: wewe kila ukipata nguvu zote unaacha mlango wazi, ju ndani yako unajua huzistahili. Stori inaisha Thanos akiwa mkulima, shamba, kimya.

Muvi zilitoa hiyo mapenzi ya Kifo zikaweka hesabu ya watu wengi na chakula kidogo. Wengine walilia. Mimi naona ilisaidia, ju sasa ulikuwa na adui unaweza bishana naye kwa meza. Lakini kazi kubwa ilikuwa subira. Mchemraba wa Jiwe la Nafasi tuliuona kwa Captain America ya 2011. Thanos akageuka akatabasamu mwisho wa The Avengers, 2012, sekunde kadhaa tu, na kabla ya hapo jiwe lingine lilikuwa kwa fimbo ya Loki muvi yote bila sisi kujua. Mengine yakatawanywa kwa Thor, Guardians na Doctor Strange, na la Roho likafichwa hadi 2018. Ile Infinity War ilipofika, sheria yetu ya utotoni, ile ya steringi hafi, ikavunjwa mbele ya macho yetu. Watu walitoka sinema wakiwa kimya kama wametoka mazishini.

Linganisha na Kang. Kwa karatasi Kang ni noma kuliko Thanos: anachezea wakati, na tuliambiwa ameshaangusha Avengers wa ulimwengu mwingine. Tuliambiwa. Halafu Quantumania ya 2023 ikaisha akizidiwa na familia ya Ant-Man pamoja na siafu. Nguvu nyingi, njaa haieleweki, kuanguka kwa bei rahisi.

Njaa ndiyo ilimweka Galactus mjini tangu 1966. Stan Lee na Kirby walimleta kwa Fantastic Four 48 hadi 50, na huyo humchukii vizuri: anakula sayari vile wewe unakula chapo. Kwa stori zilizofuata tukaambiwa alikuwa mtu, Galan wa sayari ya Taa, aliyebaki peke yake ulimwengu uliokuwa kabla ya wetu ulipokufa. Hauwezi mpiga. Human Torch anatumwa mbali sana kuchukua silaha moja, wanamtishia nayo, anaondoka. Na yule Silver Surfer? Kirby alimchora tu kwa kurasa, bila Lee kumwagiza.

Hii sheria haiko kwa maadui pekee. Storm, ambaye mama yake kwa komiki ni Mkenya na ambaye Profesa X alimpata hapa kwetu Kenya mwaka wa 1975 akiabudiwa kama mungu wa mvua, anaweza kushusha radi popote. Lakini mfungie kwa lifti iliyokwama, imeisha. Akiwa mtoto Cairo nyumba ilimwangukia, akakaa chini ya vifusi na maiti ya mama yake. Chris Claremont alipoongeza hiyo, Storm akawa mtu.

Sasa Doctor Doom ndiye anakuja, na Robert Downey Jr. ndani ya hiyo sura. Kama utamwangalia, usiangalie uchawi. Kwa Secret Wars ya 2015 alikuwa mungu kabisa, ameshika mabaki ya ulimwengu wote mkononi, na kilichomwangusha ni kukubali kwa mdomo wake kwamba Reed Richards angefanya hiyo kazi vizuri kumliko. Kiburi tu.

Doh nayo? Mwaka wa 2017 Starlin alisema wazi mtandaoni kwamba DC walimtumia cheki kwa ajili ya KGBeast, mhusika mdogo aliyepita kwa Batman v Superman na pengine hata hukumnoti, na ilikuwa kubwa kuliko yote aliyopata kwa Thanos kwa muvi zote za Marvel zilizokuwa zimetoka. Kelele ikapigwa, baadaye wakakaa chini wakaongea upya, na akasema ameridhika.

Rudia Endgame leo jioni. Kuna ile sehemu Captain America ameketi kwa duara na watu waliopoteza wapendwa wao. Mmoja wao ni mzee wa miwani. Huyo ndiye Jim Starlin.