Printa haionekani: usikimbilie kununua nyingine

WENYE ofisi ndogo za uwakala wa forodha na maduka ya kuchapa nyaraka pale Mpemba, kandokando ya barabara kuu iendayo Tunduma na mpaka wa Zambia, wanaijua hasara ya karatasi iliyochelewa. Lori limesimama, dereva ananung'unika, mwenye mzigo anapiga simu. Akiambiwa wakati huo kwamba kompyuta "haioni" printa, mwenye ofisi hutoa fedha ya printa mpya. Mara nyingi fedha hiyo ni ya kutupa, maana printa ni nzima.

Anayetumia Linux huvutwa kwanza na hesabu, kwani matoleo yake mengi hayana ada ya leseni. Uchapaji ndani yake husimamiwa na programu ya CUPS, iliyotoka mwaka 1999. Printa ya mtandao hujinadi yenyewe kama mpiga debe wa stendi, na programu nyingine, Avahi, husikiliza mnada huo. Lakini sauti hiyo kwa kawaida haivuki mtandao wake. Printa ikiwa kwenye ruta ya ofisi na kompyuta imeshika Wi-Fi ya wageni, au intaneti ya simu ya karani, hazitaonana hata zikiwa meza moja.

Kwa hiyo anza na printa. Kwa vitufe vyake, chapa ukurasa wa taarifa za mtandao uone anwani yake, kisha kwenye kompyuta andika ping ikifuatiwa na anwani hiyo. Isipojibu, kagua waya, Wi-Fi na ruta kwanza. Ikijibu, njia ipo. Kilichokwama huenda ni mnada tu. Hakikisha Avahi inafanya kazi, na kwamba ulinzi wa kompyuta haujafunga mlango 5353 wa UDP. Amri ya lpinfo -v itaonyesha kinachoonekana.

Foleni ya wateja ikiwa ndefu, ruka mnada: ongeza printa kwa mkono kwa kuandika ipp://anwani/ipp/print, ukiweka tarakimu za anwani yako mahali pake. Printa nyingi za miaka ya karibuni hukubali.

Kuna na ugonjwa wa umeme. Ukikatika na kurudi, ruta yaweza kuigawia printa anwani nyingine, nayo kompyuta ikaendelea kupeleka kazi kwenye anwani ya zamani. Hapo fundi huitwa kila wiki, na kila wiki hulipwa. Mwambie aihifadhie printa anwani moja ya kudumu ndani ya ruta. Ni kazi ya dakika chache.

Kwa wanunuzi wa printa zilizotumika: kabla ya kupatana bei, uliza kama inakubali AirPrint au IPP Everywhere. Isiyokubali yaweza kuhitaji programu yake maalumu, ambayo kwa Linux huenda haipo. Na waya wa USB usikose kwenye droo.